Fundi wa gitare aombe ngapi? Barua zenu na majibu

Barua zenye zimeingia juu ya gitare karibu zote zinazunguka pale pale: bei. Wapigaji wanalalamika fundi anaomba mingi, mafundi wanalalamika mupigaji hataki kulipa, na wakati huo gitare imelala kwa pembe ya nyumba manshi (ile shingo yake) imepinda. Leo naziweka pamoja. Ile ya fundi wa Katuba nimeipa nafasi kubwa, zingine nimejibu kwa ufupi.

SWALI (fundi, Katuba, Lubumbashi)

Jambo Papa. Miye nilianza na maradio na ba-ampli, kisha bantu bakaanza kuniletea magitare, sasa njo kazi yangu yote. Shida ni bei. Mutu analeta gitare, manshi imepinda, freti (vile vyuma vyembamba vya juu ya manshi) zimelika, siye imepasuka, naitumikia siku mbili nzima, nikimwambia dola 30 anacheka, anasema "aa fundi, ni kushusha kamba tu, kamata franga elfu tano". Nikikatala anaenda kwa mwengine mwenye anamufanyia kwa ile elfu tano kweli. Kuko tarife yenye tunaweza kufwata? Ao nipunguze tu nisikose wateja?

JIBU

Usipunguze, ndugu fundi. Na tarife ya kubandika ku ukuta usiingoje, gitare mbili hazifanane, bei utaitoa mwenyewe na kalamu.

Andika pesa yenye inakutoka kila mwezi. Tuseme hivi, ni mfano tu, weka zako: kodi ya kioski dola 50, umeme pamoja na esanse ya grupu (mashini ya kutoa umeme) wakati SNEL, kampuni ya umeme, imekata, 30, matakse 20, vitu vyenye vinaisha kama tupa, msasa, kole (gundi) na risasi ya kuunganishia waya 30, halafu nyumba, chakula na masomo ya watoto 250. Jumla 380. Sasa uhesabu masaa yenye mikono yako iko kabisa juu ya gitare, si masaa yenye kioski iko wazi, juu ndani ya siku kuko kuongea na wateja, kuko kwenda kutafuta kamba mu mji, kuko kungoja kole ikauke na kungoja umeme urudi. Ukipata masaa manne ya kweli kwa siku uko na bahati. Masaa manne mara siku 22 ni masaa 88. Gawa 380 kwa 88, inatoka dola 4 na kitu kwa saa, na hapo haujaweka akiba wala siku moja ya ugonjwa. Kwa hiyo useme 5 ao 6.

Rudi sasa kwa ile gitare yako. Siku mbili, tuseme masaa nane, kwa dola 5 ni 40 bila vifaa. Wewe uliomba 30. Mteja alikuwa anacheka bei yenye tayari ilikuwa chini ya gharama yako, na ile elfu tano yake haifike hata saa moja ya kazi.

Lakini mteja hana roho mbaya, hajui tu. Hapa njo mafundi wetu wengi wanapoteza pesa: tunasema "reglaje" kisha tunanyamaza, naye anaelewa ni kukaza visi. Mwambie kazi yenyewe. Kwanza manshi inanyooshwa na kile chuma cha ndani, robo ya mzunguko, unangoja, unapima tena, juu ukilazimisha kinakatika na hapo ni shida ingine kabisa. Freti zenye zimelika zinasawazishwa zote ziwe kimo kimoja, kisha moja moja inarudishiwa mgongo wake wa mviringo na kung'arishwa. Siye, kile kipande cha mfupa cha juu penye kamba zinapita, kila mufereji unachongwa upana wa kamba yake. Halafu unapima kimo cha kamba juu ya freti ya 12: gitare ya umeme karibu milimita 2 kwa kamba nene na 1.5 kwa ile nyembamba, akustiki ya kamba za chuma 2.5 na 2, ya nailoni karibu 4 na 3. Mwisho unasikiliza kama noti ya freti ya 12 ni oktava kamili ya kamba wazi. Nunua rula ndogo ya chuma, upime mbele ya mteja wakati analeta, upime tena mbele yake wakati anachukua. Mutu akiona kwa macho 4 imekuwa 2.5 ataongea bei na heshima ingine.

Kitu kingine, usilipishe kwa saa. Saa ni hesabu yako ya nyuma, mteja umpe bei ya kazi nzima. Fundi mupya anachonga siye kwa masaa manne, wewe umemaliza kwa moja na nusu na iko safi kuliko yake, sasa wewe upate kidogo kuliko yeye juu unajua kazi? Hapana! Kila kazi iwe na bei yake, siye, kusawazisha freti, kubadilisha freti zote, kubandika shevale (kile kipande cha juu ya uso wa gitare penye kamba zinashikwa), na ndani ya ile bei weka pia hatari. Ukiwa unang'oa freti na ubao wa manshi ukachanika, ni wewe utalipa, ni wewe hautalala. Ujuzi wa kupasha freti moto kidogo kwanza ili itoke bila kunyofoa mbao haukuja bure, na mteja mwenye gitare yake imerudi nzima ameupata ule ujuzi, aulipe.

Vifaa viandikwe pembeni, mbali na kazi. Mfupa wa ng'ombe wa muundi unaupata kwa muchinja nyama kwa pesa kidogo, lakini kuuchemsha, kutoa mafuta yote, kuukausha na kuukata ni masaa, hayo ni ya kulipwa. Waya ya freti ni maneno ingine. Ile waya sehemu yake kubwa ni shaba, imechanganywa na nikeli na zinki, na inaniuma kila mara nikiikamata: shaba inatoka hapa kwetu Katanga kwa malori kupitia Kasumbalesa, pale mpakani, waya inarudi toka mbali na bei yake, na transport, na duane (ushuru) juu. Ongeza asilimia 20 ao 30 juu ya bei yenye ulinunua, juu uliweka pesa yako mbele, na kipande chenye kimeharibika ni hasara yako.

Wengine wanapenda kunitajia bei za Marekani. Kule reglaje ya kawaida iko kati ya dola 60 na 100, kubadilisha freti zote kunapita 300 bila shida, na kuko masomo kabisa ya kazi hii, kama ile ya Roberto-Venn ya Phoenix, Arizona, yenye ilianza 1975. Sisemi tukopie zile bei, kodi ya duka ya kule na mshahara wa kule si vya Katuba. Ila seti ya tupa nzuri za kuchonga siye yenye inaweza kupita dola 100 kule, hapa haishuke bei juu wewe ni Mukongomani, unailipa yote na transport. Tofauti kati ya bei yao na yetu itoke kwa kodi na kwa chakula, isitoke kwa kujidharau.

Yule mwengine wa elfu tano mwache atumike. Kazi ya ile bei mara nyingi ni kupitisha tupa ndani ya mifereji ya siye mpaka kamba zishuke, wiki ya kwanza mteja anafurahi, halafu kamba wazi zinaanza kulia kama nzi ndani ya chupa na siye ile haiponeke tena, inatoka ingine. Akikuletea usimugombeze. Mwambie bei ya siye mupya, basi.

Na ukumbuke hali ya hewa yetu, ni pesa yako ile. Toka mwezi wa tano mpaka wa kumi Lubumbashi inakauka sana, mbao inanywea, ncha za freti zinatoka pembeni zinakwaruza mukono, manshi inanyooka kupita kiasi. Mvua ikirudi mbao inavimba, kamba zinapanda. Kwa hiyo gitare ya hapa inataka kuangaliwa mara mbili kwa mwaka. Mwambie mteja mapema: kazi kubwa leo kwa bei kamili, na kurekebisha wakati musimu umebadilika nusu ya bei ya reglaje, juu freti ziko tayari sawa. Hivyo anarudi, na wewe unajua mwezi wa kumi na moja utakula nini.

SWALI (mupiga solo, Himbi, Goma)

Kaka, gitare yangu akustiki ilianguka, kichwa kikavunjika pale penye manshi inaishia. Nilikuwa nimeinunua dola 90. Fundi wa kwanza alibandika na super glue, ikashika kidogo ikaachia. Wa pili anaomba dola 40. Hiyo si karibu nusu ya gitare? Ninunue tu ingine?

JIBU

Kamba sita za chuma za akustiki, hata zile nyepesi, zinavuta pamoja karibu kilo 70, na ule mzigo unakaa pale pale penye palivunjika, muchana na usiku. Super glue inakauka ngumu lakini inavunjika vipande, na mbaya zaidi inaingia ndani ya vitundu vya mbao, sasa kole ya kweli ya mbao haina tena kwa kushikia. Yule fundi wa pili ataanza na kuitoa yote polepole bila kupoteza nyuzi za mbao zenye zinaonyesha vipande vinakaa wapi, na mara nyingi kole peke yake haitatosha tena, atachimba mifereji miwili nyuma ya manshi na kupachika vipande vya mbao ngumu kama mulombwa, abane siku nzima, achonge, apake vernisi. Dola 40 kwa kazi ile ni bei nzuri, na ungemuletea ikiwa imevunjika mupya bila kuguswa pengine ungelipa nusu yake.

Sipendi hesabu ya "nusu ya gitare". Mukono wa fundi unatumika sawasawa, gitare iwe ya dola 90 ao ya 900, na ile ya bei ndogo mara nyingi inasumbua zaidi juu mbao yake ni laini na visi vyake vinakatika. Kile chenye fundi analazimika kukufanyia ni kukuambia bei mbele ya kuanza, na ikipita nusu ya bei ya chombo akuulize mara mbili kama uko tayari. Naona huyu amefanya hivyo, ni mutu wa kweli. Miye ningetengeneza, juu ile mupya ya dola 90 nayo itataka reglaje. Muombe akuandikie garanti ya miezi mitatu kwa pale palibandikwa.

Na ninyi wote wenye mnasoma: ikivunjika, legeza kamba palepale, usitie kole yoyote, usijaribu kuunganisha uone kama inakaa, funga ndani ya nguo pamoja na kila kibanzi, peleka.

SWALI (mama wa korali, Kadutu, Bukavu)

Shalom. Besi ya korali yetu inanguruma mmmm, mupigaji akigusa kamba inanyamaza, akiachia inaanza tena. Na kuko saa ingine mwenye kuimba anasikia umeme kidogo kwa mudomo akigusa mikro. Fundi alikuja akaomba dola 10 ya kuangalia tu, hata hajatengeneza kitu. Pasta anasema huo ni wizi, na tena ni kazi ya Mungu, angefanya bure.

JIBU

Mama, tuanze na ule umeme wa mudomo, hiyo ingine ingoje. Zimeni ule mtambo musiutumie tena mpaka fundi wa umeme apime tere (ile waya yenye inapeleka umeme ndani ya udongo) ya kanisa na ya grupu. Umeme kidogo wa leo siku ingine unaweza kuua, mutu ameshika kamba kwa mukono na mikro iko kwa mudomo. Na mtu akiwaambia akate ule mguu wa tatu wa fishi (plagi) ili kelele iishe, mkatalieni kabisa, kelele itaisha lakini ulinzi nao umeisha.

Juu ya besi: kelele yenye inanyamaza ukigusa kamba inaonyesha waya ya masi (ile tere ya ndani ya besi) yenye inaenda kwa shevale inashika vizuri, ila makelele ya nje yanaingia, ao juu pale penye waya na potansiometre (vile vya kuzungusha sauti) zinakaa hapajafunikwa na karatasi ya shaba, ao juu mtambo wote hauna tere. Ingekuwa kelele inapanda wakati mnagusa kamba, ningesema ile waya imekatika. Munaona basi kwa nini kuangalia ni kazi. Yule fundi atajaribu kamba ingine ya jaki, ampli ingine, atafungua, atapima, na inawezekana agundue ni jaki tu imeachia. Kama analipwa peke akitengeneza, atakuwa na sababu ya kuona ugonjwa mukubwa penye kuko mudogo. Ile dola 10 inawalinda ninyi. Muombeni tu aitoe ndani ya bei ya mwisho mukimpa kazi.

Kwa Pasta naongea na heshima yote. Kanisa linalipa mwenye kuuza simenti na mwenye kuuza viti, na fundi pia watoto wake wanasoma. Akitaka kutoa sadaka ya mikono yake, vizuri sana, aandike bei kamili kwa karatasi na chini yake aandike kile ametoa. Hivyo kanisa linajua lilipokea nini, na kanisa jirani halitasema "kule walifanyiwa bure".

SWALI (commune ya Kenya, Lubumbashi)

Yaya, napiga mi-kompoze, kwa kamba ya nne nimeweka ile nyembamba ya oktava ya juu. Inalia vibaya. Fundi anasema tubadilishe siye, dola 15. Kamba peke yake haitoshe?

JIBU

Haitoshe. Mufereji wa kamba ya nne ulichongwa kwa kamba nene yenye imezungushiwa waya, wewe umelaza ndani kamba nyembamba karibu kama ya kwanza ao ya pili, sasa inazama chini na inacheza kulia kushoto, sauti inakufa. Siye ya mfupa yenye imechongwa juu ya kamba zako zenyewe kwa 15 ni bei ya haki, na ile ya zamani uichunge, siku utauza gitare mutu atairudisha. Kama hauna pesa sasa, unga wa mfupa na tone la super glue ndani ya ule mufereji, kisha kuuchonga upya, itakusukuma kwa muda, fundi asiombe zaidi ya dola 3 ao 4.

Nyongeza kwa mafundi: ulizeni mteja anapiga nini mbele ya kutaja bei. Mwenye kupiga seben, ile sehemu ya mbio ya kuchezea, anataka kamba chini na mikono inakimbia. Mwenye kupiga kwa gumba na kidole cha kwanza, ule mtindo wetu wa Katanga wa Mwenda Jean-Bosco, mwenye Hugh Tracey, yule mwenye kurekodi miziki ya Afrika, alimurekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, anataka nafasi kati ya kamba na kamba. Ni siye mbili tofauti, na ukichonga ile haikuombwa utaichonga mara ya pili bure.

SWALI (fundi, Birere, Goma)

Niko na magitare yenye watu waliacha, wengine mwaka mzima, kazi nilimaliza na kamba nilinunua na pesa yangu. Naweza kuyauza?

JIBU

Hapana, usiuze kitu cha mutu bila karatasi, utaitwa mwizi na utakosa la kujibu. Tafuta wenyewe kwa simu, kwa rafiki zao, kwa bendi yao, uwaambie bei na siku. Kuanzia leo kila gitare yenye inaingia ipate boni: jina, simu, ugonjwa wa gitare, bei, siku ya kuchukua, na maneno haya mbele ya sahihi yake, kwamba ikipita miezi mitatu bila kuja anakubali iuzwe kwa kulipa kazi. Piga picha pande zote na simu yako, hata mikwaruzo ya zamani. Vifaa vilipwe vyote mbele na kazi nusu mbele. Mwenye kuweka avansi anarudi. Na kama ni dola, ziangalie palepale, note yenye imechanika ao imechorwa utakosa mwenye kuipokea na itakuwa ni wewe umelipa.

SWALI (mwanafunzi, Ibanda, Bukavu)

Gitare yangu ni ya nailoni lakini kamba za nailoni sikupata, nikaweka za chuma, na moja nilitoa ku kamba ya fren ya kinga (baiskeli). Sasa shevale inaanza kunyanyuka nyuma. Itanigharimu ngapi?

JIBU

Zitoe leo, mutoto wangu, zote. Gitare ya nailoni imejengwa kubeba karibu kilo 40, za chuma zinavuta karibu mara mbili, na ile waya ya fren ni ngumu kuliko freti, inazikata. Kama shevale imenyanyuka bila kuchana uso wa gitare, kuitoa, kusafisha na kubandika upya na kole ya mbao ni kazi ya dola 15 mpaka 20, ukingoja itoke yenyewe na kipande cha uso itakuwa mara mbili. Kamba za nailoni zikikosekana, nenda kwa wenye kuuzia wavuvi wa Kivu uzi wa nailoni: milimita 0.7 kwa kamba ya kwanza, 0.8 kwa ya pili, 1.0 kwa ya tatu. Zile tatu nene ndizo za kununua dukani, lazima ziwe za kuzungushiwa waya.